Afisa wa farasi aliyepita Gisenyi

Sisi vijana tunaoogelea hapa Gisenyi tunauona Nyiragongo kila siku. Mzungu wa kwanza kuupanda, mwaka 1894, alikuwa Gustav Adolf von Götzen, afisa Mjerumani wa kikosi cha farasi. Alianzia Pangani, akaonana na Mwami Rwabugiri njiani, ndipo akafika Kivu.

Wengi wanaishia hapo. Mwaka 1901 jamaa akawa gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Maji Maji ilipowaka 1905, askari wake walichoma mashamba na maghala ya chakula. Njaa iliua wengi kuliko risasi.

Baadaye meli ya Ziwa Tanganyika ikapewa jina lake. Kumbe ndiyo hiyohiyo Liemba! Mwaka 2015 iliwavusha ndugu zetu Warundi, na watoto na mizigo, kutoka Kagunga hadi Kigoma.