Isolo, Bao na Hesabu za Mashine

Wasukuma wa Bariadi, Maswa na Meatu wanao mchezo wao wa kete uitwao isolo, wenye namna ya wanawake, ya wavulana na ya wanaume, nao ni ndugu wa bao la Waswahili. Na mtu aliyewaona mafundi wakicheza, mikono ikizunguka mashimoni upesi kuliko jicho la mtazamaji, hastaajabu akiambiwa kwamba wataalamu wa kompyuta, waliokwisha kutumia miaka mingi juu ya sataranji na Go, waliugeukia ukoo huu wa michezo kwa bidii ile ile.

Go, mchezo wa kale wa Wachina uchezwao kwenye mistari 19 kwa 19, una hali halali nyingi mno hata hesabu yake ni namba ya tarakimu 171, nao uliwashinda waandishi wa programu tangu Albert Zobrist alipoandika yake mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 2006 Rémi Coulom, Mfaransa, alipeleka Crazy Stone kwenye Olimpiki ya Kompyuta mjini Turin, ikatwaa dhahabu ya ubao mdogo wa 9 kwa 9, kwa njia ya kujichezea michezo mingi ya kubahatisha hata mwisho, kisha kuchagua hatua iliyozaa ushindi zaidi. Machi 2016, huko Seoul, programu ya AlphaGo ilimshinda bingwa Lee Sedol kwa michezo 4 kwa 1.

Olimpiki hiyo ya Kompyuta, aliyoiasisi David Levy mjini London mwaka 1989, iliupokea pia awari, mchezo wa Afrika ya Magharibi wa safu 2 na kete 48. Mwaka 2000 programu iitwayo Marvin ilishinda. Miaka 2 baadaye John Romein na Henri Bal wa Amsterdam, kwa mashine zenye prosesa 144, walizipima hali 889,063,398,406, wakathibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare.

Bao la safu 4 ni jambo jingine. Mwaka ule ule wa 2002, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht waliandika habari za programu yao ya bao; nao hawakuzibuni kanuni, bali walizitegemea zile za Alex de Voogt, aliyekaa na mafundi wa Unguja, akawauliza, akawapima, akatoa kitabu mwaka 1995. Hapo ndipo nitakapo msomaji asimame, kwa kuwa aghalabu sifa hupewa mashine, na fundi aliyeketi mkekani akieleza ni lini mchezaji hulala, yaani humaliza zamu, kwenye nyumba, lile shimo kuu, na ni lini husafiri nayo, akizichukua kete zake na kuendelea, akasahauliwa.

Ugumu wa bao hauko katika wingi wa njia za kuchagua, kama ulivyo wa Go, bali katika urefu wa kila njia. Mwanzoni kila mchezaji ana kete 22 mkononi na 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa nyumbani. Akinamua hutia kete moja, hula shimo la mbele, huzipanda kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho wa safu, na ya mwisho ikiangukia penye kete na kukabili kete za mwenziwe, hula tena, hata mkono mmoja ukaweza kuupindua ubao mzima. Zipo hali ambazo kete hazitulii abadan, ndipo programu ikalazimika kuwekewa mpaka. Na wapimaji hushindanisha programu mara nyingi, zikipokezana kuanza, ili faida ya kutangulia isidhaniwe kuwa ni ustadi.

Tasnifu ya Donkers ya mwaka 2003 ililitumia bao kuchunguza kama mashine ikiyakisia mawazo ya mpinzani wake itacheza vizuri zaidi, nalo ndilo swali la kila fundi barazani.

Isolo inastahili juhudi kama hiyo. Kijana wa Bariadi atakaye kuiandikia programu na aanze na daftari, aende kwa bibi na babu, aandike kwa kila namna kati ya zile 3: kete huwekwaje mwanzo, mkono huelekea wapi, na ni lini hulala.