Hatimiliki Sandukuni: Miaka Sabini ya Kuahidiwa Mkopo wa Nyumba Nyanza Kusini

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwanaanthropolojia Mmarekani Parker Shipton alikaa na wakulima wa Nyanza Kusini, eneo ambalo leo ni kaunti za Homa Bay na Migori, akichunguza jinsi watu wanavyokopeshana na kudaiana. Jambo moja aliloelezwa huko likawa kiini cha kitabu alichokichapisha mwaka 1989: kwamba pesa hazilingani. Ipo pesa chungu, ambayo Wajaluo huiita pesa makech. Pesa ya tumbaku ni chungu. Ya bangi vilevile, na ya dhahabu, na hata ya jogoo wa boma aliyepelekwa sokoni. Iliyo chungu kuliko zote ni ile iliyopatikana kwa kuuza shamba la ukoo. Pesa hiyo haifai kununulia ng'ombe wa mahari, na anayeichanganya na mali ya kudumu hujitafutia mikosi mpaka atakaswe.

Nimelitanguliza hili kwa sababu historia ya mkopo wa nyumba upande huu wa Ziwa Victoria husimuliwa kana kwamba kikwazo kimekuwa riba peke yake. Riba imeumiza watu, hakuna ubishi. Lakini benki inayodai shamba kuwa dhamana humtaka mkopaji akubali mapema kwamba huenda shamba hilo likauzwa mnadani, yaani likageuka pesa ya aina ile ile ambayo wazee walimwonya asiiguse. Hakuna kiwango cha riba kinachoondoa tatizo hilo. (Wakuria wa Kehancha na Isebania wana desturi zao za boma na ardhi, hapa nawazungumzia zaidi Wajaluo, walio wengi katika kaunti hizi mbili.)

Nyumba ya kwanza ya Mjaluo haikununuliwa. Kijana alipobaleghe alijijengea simba, yaani kijumba cha kijana asiyeoa bado, karibu na lango la baba yake, akalala humo, akaoa humo. Baadaye, akiwa tayari na mke na mtoto, aliondoka kwenda kuanzisha boma lake. Alitoka alfajiri na baba yake au mzee wa ukoo, jogoo mkononi, mwanawe wa kwanza amebeba shoka, mke amebeba moto. Nyumba ilisimama siku hiyo hiyo kwa nguvu za ndugu na majirani. Mdogo hakumtangulia mkubwa. Chifu wa Karachuonyo, Paul Mboya, aliyekuwa pia mchungaji wa Waadventista, aliziandika mila kama hizi kwa Dholuo katika kitabu chake cha mwaka 1938, wakati ambapo misheni ya Gendia karibu na Kendu Bay, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa imeshawazoesha watu nyumba za pembe nne na madirisha.

Gharama ilikuwepo, ila haikuhesabiwa kwa fedha. Aliyeijumuisha fedha katika suala la nyumba alikuwa mkoloni, kwa kanuni za kodi ya nyumba za mwaka 1901. Kila nyumba ikawa na deni la mwaka, na mwenye wake watatu akadaiwa kwa nyumba tatu. Kijana akalazimika kwenda kutafuta kazi ya mshahara ili alipie paa alilolijenga bure.

Wazo la kwamba ardhi ya Mwafrika inaweza kumpatia mkopo lilikuja rasmi mwaka 1954, kupitia mpango wa afisa wa kilimo Roger Swynnerton. Mwaka uliofuata Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki ikaunga mkono wazo hilo hilo: mpimieni mkulima shamba lake, mpeni cheti chenye jina lake, naye atakipeleka benki, akope, astawi. Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya mwaka 1963 na ile ya uamuzi wa mipaka ya mwaka 1968 zikaufanya mpango huo kuwa sera ya Kenya huru. Wapimaji wakaingia vijijini na minyororo yao, kamati za wazee zikakaa chini ya miti, na vipande vya ardhi vikapewa nambari.

Usajili huo uliumiza wengine kimyakimya. Nyanza Kusini, hasa upande wa Migori, ilikuwa imepokea familia nyingi zilizohamia kutoka kaskazini mwa ghuba ya ziwa na kukaa kwenye ardhi ya wenyeji kwa hisani yao. Watu hawa, jodak, walilima na kuzika hapo kwa miaka mingi bila kuwa wenye ardhi. Daftari la serikali halikuwa na safu ya hisani. Ama umeandikwa, ama hukuandikwa. Sheria ya 1963 ilisema pia kwamba usajili wa kwanza haubatilishwi mahakamani hata kama ulipatikana kwa hila, kwa hiyo aliyewahi kufika kwa karani alifaidika kwa kudumu. Kwa maoni yangu kifungu hicho kimezaa kesi nyingi za ndugu kuliko ulevi.

Na mikopo je? Shirika la Fedha za Kilimo lilianza mwaka 1963, na baadhi ya wakulima walikopa kwa hatimiliki. Waliposhindwa kulipa, mashirika yaligundua jambo ambalo wachumi wa London hawakulitarajia: shamba linaweza kupigwa mnada na asipatikane mnunuzi. Nani atanunua ardhi yenye makaburi ya watu wengine, kisha alale usingizi kati ya majirani ambao wote ni ukoo wa aliyefukuzwa? Bodi za udhibiti wa ardhi zilizoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, zenye wazee wa pale pale, zilikuwa na uwezo wa kukataa muamala. Shipton alikipa kitabu chake cha mwaka 2009 jina lenye maana ya kuwaweka mababu rehani, na nadhani hakutia chumvi. Wenyeji walikuwa na rehani yao wenyewe, singo: unampa mtu unayemjua shamba alitumie mpaka umrudishie mali yake, kisha unalikomboa. Ilikuwa na masharti, na watu waliigombania, lakini haikuwa na dalali.

Hatimiliki basi zikaingia sandukuni. Nyingi zingali humo hadi leo, zikiwa na jina la babu.

Mkopo wa nyumba wenyewe ulikuwa unakua kwingine, Nairobi. Kampuni ya Housing Finance iliundwa mwaka 1965 na serikali pamoja na shirika la maendeleo la Uingereza, na mwaka 1972 benki ya KCB ikainunua Savings and Loan, nayo ya mikopo ya nyumba. Mitaa kama Buru Buru, iliyoanza kujengwa mwaka 1973, iliwapa makarani, walimu na wahasibu nafasi ya kulipia nyumba kila mwezi mpaka iwe yao. Wana wa Nyanza Kusini waliokuwa na kazi za ofisini walikuwemo. Ila waliporudi nyumbani Desemba waliulizwa swali lile lile: umejenga wapi? Nyumba ya Buru Buru haikuwa jibu.

Mwaka 1987 swali hilo lilifika mahakamani, nchi nzima ikilisikiliza. Wakili S. M. Otieno alikuwa amefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika katika shamba lao la Ngong. Ukoo wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya. Mashahidi wa ukoo walieleza kwamba anachonunua mtu mjini ni makazi tu, na kwamba boma huanzishwa kwa taratibu zake kwenye ardhi ya baba. Mahakama ya Rufaa iliupa ukoo ushindi, akazikwa Nyalgunga mwezi Mei. Siaya iko ng'ambo ya ghuba, lakini hukumu ilisomwa Homa Bay kama onyo: unaweza kulipa mkopo wa nyumba hadi shilingi ya mwisho na bado uhesabiwe hujajenga. Kuanzia hapo wengi waliokuwa na mshahara walijua kwamba watalazimika kujenga mara mbili, moja ya kuishi na moja ya kulazwa uani siku ya mwisho.

Nyumba hii ya pili, ya kijijini, ndiyo iliyo na historia tajiri zaidi ya akiba, ingawa haimo katika ripoti yoyote ya benki. Wanawake waliiweka kwenye nyoluoro, mchango wa zamu ambapo kila wiki au mwezi mmoja wao huchukua kapu zima. Zamu yako ikifika unanunua mabati, hata kama ukuta bado, na mabati hukaa chini ya kitanda yakisubiri. Mfanyabiashara wa omena wa Mbita hununua mchanga msimu mzuri na simiti msimu unaofuata. Mkulima wa Awendo, ambako kampuni ya sukari ya SONY ilianzishwa mwaka 1979, hupanga ujenzi kwa kalenda ya muwa, na muwa huchukua mwaka mmoja na nusu au zaidi kukomaa. Ndiyo maana ukipita barabara ya Rongo kwenda Migori unaona nyumba nyingi zilizofika kwenye linta na kusimama. Mgeni huona miradi iliyokwama. Mimi huona watu wasio na deni.

Wenye mshahara walipata njia ya haraka zaidi, sacco, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Mwalimu Sacco iliundwa mwaka 1974, na walimu wa shule za Nyanza Kusini wakawa na chombo ambacho benki haikuwa nacho. Kanuni iliyozoeleka ni rahisi: weka akiba kila mwezi kupitia makato ya mshahara, kisha kopa hadi mara tatu ya akiba yako. Dhamana si shamba. Dhamana ni wenzako wa chumba cha walimu wanaotia saini, nawe unatia saini ya kwao. Ukitoroka deni, mshahara wao hukatwa, na kesho mnakutana gwarideni asubuhi. Mtu ataniambia mkopo wa miaka minne au mitano si rehani ya nyumba. Kwa vitabu vya benki, sawa. Lakini hesabu nyumba za matofali zilizojengwa na walimu na wauguzi kati ya Oyugis na Isebania, kisha uniambie ni taasisi gani iliyozijenga.

Serikali na benki zimejaribu tena na tena kuifanya rehani iwe nafuu. Kuanzia Mei 2007 sheria inazuia riba ya deni lililoshindikana kupita kiasi cha msingi kilichobaki. Sheria za ardhi za mwaka 2012 ziliamuru kwamba nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani bila saini ya mume na mke wote wawili, na kwamba aliyeshindwa kulipa apewe notisi ya siku 90, kisha ya siku 40 kabla ya kuuzwa. Mwaka 2018 ikaundwa kampuni ya kufadhili upya mikopo ya nyumba, KMRC, inayozipa benki na sacco fedha za bei nafuu ili zikopeshe kwa riba isiyofika asilimia 10. Ilianza na kikomo cha shilingi milioni 4 Nairobi na viunga vyake, na milioni 3 kwingineko.

Chukua hiyo milioni 3. Kwa riba ya asilimia 9.5 na miaka 20, malipo ni takriban shilingi 28,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 15, yanakaribia 39,500. Sheria ya ajira inataka theluthi moja ya mshahara ibaki mkononi baada ya makato yote. Mwalimu mwenye mkopo wa sacco na karo ya watoto hana theluthi mbili nyingine za kuchezea. Si ajabu kwamba mwishoni mwa 2023 nchi nzima ilikuwa na akaunti za mikopo ya nyumba kama elfu thelathini tu, ilhali sensa ya 2019 ilipata watu zaidi ya milioni moja na laki moja Homa Bay pekee, na idadi karibu sawa Migori.

Ugatuzi wa mwaka 2013 uliongeza watu wa kupanga nyumba kwenye makao makuu ya kaunti, na wengine wakaja na Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopata hati yake mwaka 2016. Tangu Machi 2024 kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya mradi wa serikali wa nyumba nafuu, mwajiri akiongeza kiasi hicho hicho. Mwishoni mwa Mei 2025, Rais William Ruto alipokuwa Homa Bay kwa maandalizi ya Siku ya Madaraka, alikabidhi funguo za nyumba za mradi huo mjini.

Nimesikia wazee wakizicheka nyumba hizo za ghorofa: hazina lango, hazina uwanja wa kuzikia. Sicheki nao. Desturi niliyoieleza, kwa uzuri wake wote, ilimpa binti nyumba kwa kupitia mume tu. Binti ambaye hakuolewa, au aliyerudi, hakujengewa simba. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika mwaka 1981 ilimtambua kama mrithi sawa na kaka zake, lakini karatasi ni karatasi na kikao cha ukoo ni kikao cha ukoo. Kwa muuguzi wa hospitali ya rufaa ya Homa Bay anayelea watoto peke yake, nyumba ya vyumba viwili ya kulipiwa kila mwezi ndiyo ya kwanza katika historia ya eneo hili ambayo anaweza kuianzisha bila kusubiri mwanamume abebe jogoo.

Kwa anayetaka kujenga kijijini kwa mkopo wa benki, kazi huanza mbali zaidi na kaunta. Afisa wa mikopo atataka hatimiliki yenye jina la mwombaji, na iliyopo ina jina la babu aliyefariki kabla ya simu za mkono. Lazima wajukuu waende na barua ya chifu kwenye masjala ya mahakama, Homa Bay au Migori, wafungue shauri la mirathi, waorodheshe kila mrithi pamoja na mashangazi walioolewa mbali, kisha wasubiri tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 za pingamizi. Wakikosa mpinzani, na mpimaji akikubali kuligawa shamba kabla ya pesa za nauli kuisha, ndipo wataweza kuuliza riba ni asilimia ngapi.