Zege Kavu Juu, Bichi Chini: Historia Inayoihusu Port Bell

Mei 2020 kimo cha maji ya Ziwa Viktoria kilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964, na majengo ya ufukoni Port Bell, bandari ya Kampala, yakaingiliwa na maji. Maji yakishapungua, mwenye nyumba hukimbilia vigae vya plastiki na gundi. Ni wachache wanaouliza kama zege lenyewe limekauka.

Bandari ilipopata reli ya Kampala mwaka 1915, swali hilo halikuwa na maana. Sakafu ya saruji tupu hutoa unyevu wake hewani, basi. Taabu ilianza watu walipoifunika. Miaka ya 1940 watengenezaji wa bidhaa za mpira Marekani walieneza kipimo cha kisahani: kloridi ya kalsiamu hupimwa uzito, hufungiwa juu ya zege kwa saa 60 hadi 72, kisha hupimwa tena. Uzito ulioongezeka ni unyevu uliotoka sakafuni.

Lakini unyevu haupandi peke yake. Zege bichi lina pH ya 12 hadi 13, ukali wa alkali unaoushinda ule wa magadi, na maji huupandisha hadi kwenye gundi.

Waswidi walilijua hilo kwa pua zao. Kuanzia mwaka 1977 hivi walisawazisha sakafu kwa mchanganyiko wenye kaseini, protini ya maziwa. Ulimwagika vizuri, ukajinyoosha wenyewe, na mafundi wakaupenda. Zege la chini lilikuwa bado bichi. Unyevu na alkali vikaivunja ile protini, ikatoa amonia. Mbao za mwaloni zikabadilika rangi, nyumba mpya zikanuka, wakazi wakalalamika macho kuwasha na vichwa kuuma. Kwanza walionekana wanadeka! Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kaseini ikaachwa, na sakafu nyingi zikabomolewa zikiwa bado changa.

Kisahani kiliona uso tu. Ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, Göran Hedenblad akiwa mmoja wao, wakasisitiza kutoboa zege na kupima ndani: kwa kina cha asilimia 40 ya unene, ikiwa linakauka upande mmoja. Marekani ilikiweka kipimo cha namna hiyo katika viwango vyake mwaka 2002.

Kwetu bado kiganja cha fundi ndicho kipimo, na tarehe ya kukabidhi jengo ndiyo hakimu. Ni uzembe, maana karatasi ya pH na matone ya maji safi si gharama. Hata kipande cha nailoni kilichobandikwa kwa tepi usiku kucha huonyesha jasho la zege, ingawa kikitoka kikavu hakithibitishi kitu.

Kando ya ziwa, jengo la zamani lisilo na nailoni chini ya zege halitakauka kwa kusubiri, maana maji hupanda kutoka ardhini. Hapo kipimo cha Februari, wakati wa kiangazi, hakitoshi. Kirudiwe baada ya masika, kabla gundi haijanunuliwa.