Jirani na Mwizi: Ulinzi wa Umma katika Nyanda za Kati

Ulinzi wa watu na mali yao haukuanzia katika kituo cha polisi. Katika Ugogo ulianzia katika ujenzi wa nyumba. Tembe za kale zilijengwa kuzunguka ua, na ng'ombe walilala ndani ya ua huo. Mwizi aliyewataka hakuwa na budi kupita karibu na wenyewe. Yowe lilipopigwa, jirani alitoka na mkuki wake bila kungoja amri, maana alijua kuwa siku yake ya kupiga yowe ingefika.

Operesheni Dodoma, mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilibadili makazi hayo. Nyumba zilizotawanyika ziliachwa, na watu wakakusanywa vijijini. Shule na maji vilikusudiwa kuwa karibu, lakini jirani wa kuchaguliwa aligeuka kuwa jirani wa kupangiwa. Balozi wa nyumba kumi, aliyewekwa na TANU katika miaka ya 1960, alitazamiwa kujua nani ameingia na nani ametoka. Hata hivyo, cheo hakimpi mtu mmoja macho ya watu wote.

Kaskazini-magharibi mwa Ugogo, katika Usukuma na Unyamwezi, jaribio lilikuwa zito zaidi. Mwaka 1976 maofisa wa dola waliokuwa wakichunguza mauaji katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga waliwatesa watuhumiwa, na baadhi yao wakafa. Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, hakuwa ametesa mtu. Lakini mwaka 1977 alijiuzulu, kwa kuwa makosa yalitendwa chini ya dhamana yake.

Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, silaha zilitapakaa, bidhaa zikaadimika, na wizi wa ng'ombe ukazidi. Ndipo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji wa Kahama na sehemu za jirani walipounda vikundi vya sungusungu. Jina ni la chungu weusi waumao: mmoja hupondwa kwa kidole, lakini kundi humtoa mtu kitandani. Vikundi vilikuwa na viongozi wao, na silaha zao zilikuwa pinde na mishale. Ng'ombe walipoibwa, kijiji kilifuata nyayo zao hata mpakani, kisha kijiji cha pili kikaupokea msako. Mkosaji alitozwa faini. Aliyekaidi alitengwa, asisalimiwe wala asipewe moto. Adhabu hiyo ilikuwa kali kuliko kifungo, maana hata gerezani mtu husalimiwa.

Mwalimu Julius Nyerere aliviunga mkono vikundi hivyo. Polisi na mahakimu walivitilia shaka. Kila upande ulikuwa na hoja. Wezi walipata hofu na wafugaji walipata usingizi. Lakini mikono iliyokamata wezi iliwafikia pia vikongwe walioshukiwa uchawi, ambao hawakuwa na shahidi wala wakili. Kijiji kinachomjua kila mtu kinajua pia nani hana wa kumtetea.

Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, na vikundi hivyo vikapata uwezo wa kisheria wa kukamata watu. Rais wakati huo alikuwa Mwinyi yuleyule. Mtu aliyekwisha kulipia kwa cheo chake makosa ya walio chini yake ndiye ambaye katika enzi yake wanavijiji walipewa mamlaka. Jambo hili lataka kutafakariwa. Waziri ana cheo cha kuacha. Je, kundi la watu likikosa, nani atawajibika?

Swali hilo limehamia mjini. Tangu mwaka 2006, chini ya Inspekta Jenerali Said Mwema, Jeshi la Polisi lilihimiza polisi jamii na ulinzi shirikishi, ambao huwataka wakazi wa mtaa kushika zamu wakishirikiana na askari. Dodoma, iliyoanza kuhamiwa na serikali mwaka 2016 na kupewa hadhi ya jiji mwaka 2018, imepokea wageni wengi wanaolala ukuta kwa ukuta bila kujuana majina. Ukuta wa tembe ulimfungia mwizi nje na kumweka jirani karibu. Ukuta wa mjini huwafungia nje wote wawili.

Basi historia ya nyanda za kati yafundisha mambo mawili yasiyotengana. Ulinzi wa jirani huanza kwa kujuana, na pasipo kujuana zamu ni matembezi ya usiku tu. Lakini hauwi haki mpaka mlinzi naye awe na wa kumwuliza, na mshukiwa dhaifu kuliko wote apate mahali pa kusema kabla ya kuhukumiwa.