Nyayo za Mhariri Jessie Forsyth

Vita dhidi ya ulevi vya karne ya 19 husimuliwa kwa namna mbili. Kuna wanaume majukwaani, na kuna kina mama wa Ohio, mwaka 1873 na 1874, wakipiga magoti na kuimba mbele ya vilabu vya pombe. Masimulizi yote mawili yana ukweli. Lakini watoto walioapishwa kutogusa kileo, nani aliwaongoza?

Swali hilo lilinifikisha kwa Jessie Forsyth. Alizaliwa London mwaka 1847, akahamia Boston mwaka 1874. Kuanzia 1893 hadi 1908 alisimamia kazi ya watoto ya chama cha kupinga pombe cha Good Templars kimataifa, na tangu 1901 akahariri pia gazeti la kimataifa la chama hicho. Nilimtafuta kwenye historia za jumla nikagonga mwamba: mstari mmoja hapa, kimya kule. Mhariri hufanya kazi ndani ya maandishi ya wenzake. Basi mkono wake nitautambuaje?

Nikageukia maandishi yake mwenyewe, yaliyokusanywa kitabuni mwaka 1988. Njia ikanirudisha Louisville, Kentucky, mwaka 1876. Hapo chama kilipasuka: Weusi wa majimbo ya Kusini wapokelewe au wakataliwe? Upande mmoja ulisema ugomvi ulihusu usawa. Wa pili ukasema ulihusu madaraka. Kila upande uliandika kujitetea, kwa hiyo siamini wowote moja kwa moja. Lisilo na ubishi ni kwamba Forsyth alisimama na waliodai Weusi wapokelewe, ingawa mjini Boston watu wa upande huo walikuwa wachache. Msimamo huo ulidumu?

Pande hizo ziliungana tena mwaka 1887, kwa muafaka ulioruhusu matawi ya Weusi na ya Weupe kutengwa. Unaniuma muafaka huo. Forsyth alibaki chamani. Alisalimu amri? Sioni ushahidi wa kutosha kumhukumu hivyo. Ninachokiona ni miaka 15 aliyowapa watoto, walioahidi kuepuka pombe, tumbaku, kamari na matusi. Je, mtoto aliahidi kwa hiari yake, au kwa sababu mzazi alikuwa akimtazama?

Kumbukumbu ziliandikwa na wakubwa. Haziwezi kutujibu kwa niaba ya mtoto. Kuhusu mhariri, hata hivyo, sina shaka tena. Mwaka 1911, akiwa amepita miaka 60, alihamia Australia Magharibi na kuendeleza kazi ya kupinga ulevi. Alifariki huko mwaka 1937. Kumweka tanbihini ni kosa: alikuwa kiongozi.