Anwani za Vidhibiti vya Viwandani: Kutoka Swichi za Bisibisi hadi Mtandao wa Kuazima

Kidhibiti cha kwanza cha aina ambayo mafundi wa viwandani huiita PLC, yaani kompyuta ngumu isiyo na skrini, inayosoma hali ya mashine kupitia vihisi na kuamua mota ipi izunguke na vali ipi ifungwe, hakikuwa na anwani, kwa kuwa hakikuwa na mwenzake wa kuwasiliana naye. Mwaka 1968 kitengo cha Hydra-Matic cha kampuni ya General Motors, kilichotengeneza giaboksi, kilihitaji kuondokana na makabati ya rilei, ambazo ni swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme, kwani kila modeli ya gari ilipobadilika waya zake zililazimika kufumuliwa na kufungwa upya. Kampuni ya Bedford Associates ya Massachusetts, alikofanya kazi Dick Morley, iliitikia kwa kifaa kilichoitwa Modicon 084, kwa sababu kilikuwa mradi wake wa 84. Matatizo ya anwani yalikuja baadaye, na yaliyo magumu zaidi yaliingia pale kiwanda kilipoazima mtandao uliobuniwa kwa ajili ya kazi za ofisi na maabara.

Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ilitangaza Modbus, itifaki (maana yake kanuni za mazungumzo baina ya mashine) ambayo kwayo kifaa kimoja kikuu huuliza na vingine hujibu kupitia waya mmoja vinaoushiriki. Kila kifaa kilipewa namba kati ya 1 na 247, ilhali 0 iliachwa kwa matangazo yanayowahusu wote. Kwa kawaida namba hiyo iliwekwa kwa swichi ndogo zilizopangwa ubavuni mwa kifaa, ambazo fundi alizigeuza kwa ncha ya bisibisi, na vifaa viwili vikipewa namba moja vilijibu kwa pamoja na kuvurugiana maneno. Kosa hilo liliudhi, lakini halikujificha, maana aliyefungua kabati aliweza kulisoma kwa macho. Mtandao wa Data Highway Plus wa kampuni ya Allen-Bradley uliongeza mtego wake, kwani namba za vituo vyake zilihesabiwa katika mfumo wenye msingi wa nane, kuanzia 0 hadi 77, ambamo baada ya 7 hufuata 10, na kwa hiyo kituo cha 8 hakipo kabisa. Fundi aliyezoea hesabu za sokoni alilazimika kujifunza upya kuhesabu.

Mambo yalibadilika Ethernet, ule mtandao wa ofisi na maabara, ilipoingia viwandani. Katika mtandao huo kila kifaa huzaliwa na namba ya kudumu ya biti 48 kutoka kiwandani kilikotengenezwa, kisha hupewa namba ya pili, anwani ya IP, iliyosanifiwa mwaka 1981 na inayoweza kubadilishwa kulingana na mahali kifaa kilipo. Swali likawa namna ya kuiingiza anwani hiyo ndani ya kifaa kisicho na kibodi wala skrini. Jibu lilikuwapo tayari: mwaka 1985 Bill Croft na John Gilmore walikuwa wameandika itifaki ya BOOTP kwa ajili ya kompyuta zisizo na diski, ambazo kila zikiwashwa hupaza sauti mtandaoni kuomba anwani, nayo seva huzipatia. DHCP, iliyosanifiwa mwaka 1993, ilipanua wazo lilelile kwa kukopesha anwani kwa muda maalumu.

Kwa kompyuta ya maabara, kusahau anwani kila inapozimwa halikuwa kosa bali ndilo kusudi lenyewe. Kwa kidhibiti cha boila ni hatari. Hapo ndipo ulipozaliwa mkasa ambao mafundi wa vifaa vya Allen-Bradley wanaujua vyema, ambapo fundi hukipa kifaa anwani kwa programu ya BOOTP iliyo kwenye kompyuta yake, huona kila kitu kinafanya kazi, kisha huondoka bila kukiamuru kifaa kiache kuomba na kiihifadhi anwani hiyo. Kiwanda huendelea vizuri hadi siku umeme utakapokatika, na ukirudi kifaa huomba tena anwani wakati hakuna wa kukijibu, huku aliyelisababisha tatizo akiwa ameshasahaulika. Haishangazi kwamba watengenezaji walirudisha swichi za kuzungusha kwenye baadhi ya moduli, zenye tarakimu tatu zinazokamilisha anwani inayoanza na 192.168.1.

Kurudi huko nako kulikuwa na gharama. Anwani za kundi la 192.168 zilitengwa rasmi mwaka 1996 kwa matumizi ya ndani, hivyo waundaji wengi wa mashine huzipenda, na mashine mbili zilizonunuliwa mahali tofauti zinapounganishwa mara nyingi hufika na anwani zilezile. Mgongano huu ni mgumu kuuona kwa sababu ya itifaki ya ARP ya mwaka 1982, ambayo kwayo kifaa huuliza mtandao mzima ni nani mwenye anwani fulani na kumwamini yeyote anayejibu. Vipimo huweza kutoka kwenye tangi moja sasa na kwenye tangi jingine baadaye. Utaratibu rasmi wa kugundua migongano ya aina hiyo ulichapishwa mwaka 2008 tu, yaani miaka 26 baadaye.

Chombo kikuu cha uchunguzi kimebaki ping, programu ndogo iliyoandikwa na Mike Muuss mwezi Desemba 1983, ambayo hutuma ujumbe na kungoja mwangwi. Hata hivyo, mwangwi huthibitisha tu kwamba kuna kifaa kinachojibu kwa anwani hiyo, si kwamba ndicho kinachotafutwa, na kwa hiyo fundi mwangalifu hulinganisha pia namba ya biti 48 na ile iliyoandikwa kwenye kibandiko cha kifaa. Zaidi ya hayo, Modbus ilipohamishiwa kwenye Ethernet mwaka 1999, namba ya kifaa ya mwaka 1979 haikufutwa, bali iliwekwa ndani ya ujumbe mpya ili kuvifikia vifaa vya waya wa zamani vilivyo nyuma ya kigeuzi kinachouunganisha waya huo na Ethernet. Kwa hiyo kigeuzi kinachojibu ping huku vipimo vya vifaa vilivyo nyuma yake havifiki kinapaswa kuchunguzwa kwanza namba hiyo kongwe, kabla ya anwani yake ya IP kuguswa.