Siwindhe, Somo na 116

Leo turudi nyuma kidogo.

Zamani, kwa Waluo, msichana alipokua hakulala tena nyumbani kwa mamake. Alilala siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee aliyeitwa pim, na mara nyingi pim huyo alitoka ukoo mwingine. Usiku, wasichana walimwuliza mambo ambayo hawangethubutu kumwuliza mama: wavulana, mwili, ndoa. Kule Mombasa kazi hiyo ilikuwa ya somo. Tuseme ukweli, si kila walichofundishwa kilikuwa sahihi. Lakini mtoto alijua mlango wa kubisha.

Kisha zikaja shule za bweni, kazi za mjini na nyumba za chumba kimoja. Nyanya akabaki mashambani. Maswali yakahamia kwa marafiki, na siku hizi kwa simu.

Mwaka wa 2006 Childline Kenya ilianzisha laini ya 116. Kupiga ni bure, mchana na usiku, na anayepokea ni mshauri aliyefunzwa. Kuna mama hukasirika: "Mbona ampigie mgeni na mimi nipo?" Mama, hata pim alikuwa mgeni. Na kuna jambo lisilongoja. Mtoto aliyenajisiwa anatakiwa kufika hospitali kabla ya saa 72 kwisha, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Akinyamaza kwa kumwogopa babake, saa hizo zinapita.

Namba ni 116. Iandike ukutani, karibu na kalenda, anapoweza kuisoma bila kukuuliza.